Maziwa ya Bibi Nyamizi

Bibi Nyamizi ana mume mdogo. Mume huyo ana meno machache tu, hawezi kufunga vifungo vya shati lake, na akiona ndama hupiga kelele za furaha mpaka ndama mwenyewe anashtuka. Jina lake ni Boniface, na nyumbani wanamwita Boni. Ana umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Ni mjukuu wake, mtoto wa mwanawe Maganga.

Mabibi wengi huwatania wajukuu wao hivyo, lakini Bibi Nyamizi hutania kwa moyo wote. Kila asubuhi husimama mlangoni kwa mwanawe akiwa amejitanda khanga mabegani, maana asubuhi za huku zina baridi.

"Mume wangu ameamka?" huuliza.

"Ameamka, Mama," hujibu Yunisi, mkewe Maganga. "Njoo umchukue. Amenipiga mateke usiku kucha."

"Ndiyo afya hiyo. Mlete."

Familia hii inaishi katika kitongoji kimoja nje kidogo ya Chimala, mahali mashamba ya mpunga yanapoishia na malisho yanapoanzia. Maganga aliletwa huku Usangu na wazazi wake akiwa mdogo. Walitoka Usukumani wakifuata majani ya ng'ombe. Baba yake sasa ni marehemu, na ng'ombe wamebaki wachache. Yunisi ni mzaliwa wa hapahapa, na shamba la mpunga analijua vizuri kuliko mumewe, ingawa Maganga hapendi kulisikia neno hilo.

Mume na mke wakienda shamba, Boni hubaki na bibi yake. Hiyo ndiyo kazi ya Bibi Nyamizi, na hana kazi nyingine anayoipenda kama hiyo. Miguu yake imechoka na macho yamefifia. Lakini Boni akipanda mapajani mwake, bibi hujiona kama mtu aliyepewa cheo. Hakuna kitu anachokiogopa duniani kama siku ya kuambiwa, "Wewe umezeeka, mtoto tutamwachia mtu mwingine."

Jambo jingine la kumjua bibi huyu ni maziwa. Kwake, mgeni hapewi maji ya kunywa. Hupewa maziwa, kwenye kikombe kilichojaa mpaka mdomoni.

"Maji ni ya kunawa na ya kupikia," husema. "Mtu akija kwangu nikampa maji matupu, si atakwenda kunitangaza? Atasema kwa Nyamizi hakuna ng'ombe!"

Maganga na Yunisi hucheka. Hakuna aliyefikiri kwamba maneno hayo yangeweza kumdhuru mtu.

Ilikuwa wakati wa mavuno. Mpunga ulikuwa umekatwa, umelala shambani, na kila mtu alikuwa na haraka. Asubuhi moja Boni aliamka mnyonge. Hakumwulizia ndama. Yunisi alimnyonyesha, naye akatapika maziwa yote. Baada ya muda mfupi akaharisha. Kinyesi kilikuwa majimaji, kama maji ya mchele. Kabla jua halijapanda sana alikuwa ameharisha tena na tena, na mwili wake ulikuwa na joto kidogo.

"Meno hayo," alisema Maganga. "Si anaota meno?"

"Meno gani yanayotapisha hivi, Baba Boni?" aliuliza Yunisi. "Mimi nampeleka kwa nesi."

Alimfunga mtoto mgongoni, akapanda bodaboda, akaenda kituo cha afya. Huko alimkuta Nesi Paskalina, mama mmoja mrefu anayeongea polepole. Nesi alimshika Boni tumbo, akamtazama macho na mdomo, akauliza kama kinyesi kina damu.

"Hakina," alijibu Yunisi. "Ni maji tu."

"Alipata chanjo ya matone, ile ya kuzuia kuharisha?"

"Alipata zote."

"Umefanya vizuri sana. Chanjo ile haizuii kila aina ya kuharisha, lakini inapunguza makali. Huyu amepata virusi vya tumbo. Wiki hii nimewaona watoto wengi wa namna hii. Vinatoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, vinapita kwenye mikono, kwenye maji, kwenye vyombo, vinaingia mdomoni mwa mwingine."

"Basi nipe dawa kali ya kuviua, Nesi."

Nesi Paskalina alitabasamu. "Kila mama ananiomba hiyo. Dawa kali za kuua bakteria haziui virusi. Na dawa ya kufunga tumbo usimpe kabisa mtoto mdogo, ni hatari. Virusi hivi vitaondoka vyenyewe baada ya siku chache. Kinachoua watoto si virusi peke yake. Ni kuishiwa maji mwilini. Kwa hiyo kazi yako ni moja, rudisha maji yanayotoka."

Akampa pakiti za ORS, dawa ile ya unga, pamoja na vidonge vya zinki.

"Sikiliza," alisema. "Pakiti moja, lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Usizidishe maji, usipunguze. Mpe kila anapoharisha, robo kikombe mpaka nusu kikombe. Mpe kwa kijiko, taratibu. Akitapika, subiri dakika kumi, halafu anza tena kidogo kidogo. Yakibaki mpaka kesho, mwaga, changanya mengine. Zinki ni kidonge kimoja kila siku, na vimalizwe vyote hata akipona. Na usiache kumnyonyesha."

Yunisi alirudia maneno yote, nesi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Alipofika nyumbani, wingu lilikuwa limetanda. Mpunga uliokatwa ukinyeshewa huoza, na Maganga alikuwa peke yake shambani na turubai moja. Yunisi alimnyonyesha Boni, akamketisha mapajani kwa bibi yake, akaeleza haraka.

"Mama, hii pakiti moja unachanganya na lita moja ya maji yaliyochemshwa. Unampa kwa kijiko kila akiendesha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Kwani mimi nimelea watoto wangapi? Nenda, mvua hiyo."

Yunisi alikwenda mbio.

Bibi Nyamizi alibaki na pakiti mkononi. Alimtazama mjukuu wake. Boni alikuwa amelegea begani kwake, midomo imeanza kukauka. Bibi aliangalia sufuria ya maji, kisha akaangalia kibuyu cha maziwa kilichoning'inia ukutani.

"Maji matupu," alijisemea. "Mume wangu anaumwa, mimi nimpe maji matupu? Na ng'ombe wako hapo nje wanakula majani?"

Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa na mapenzi, na mapenzi yalimwambia ampe mtoto kitu kizuri kuliko vyote vilivyomo ndani ya nyumba. Alichemsha maziwa. Aliyapoza kwa kuyamimina huku na huku. Akapima lita moja kamili, maana neno la nesi alitaka kulifuata, akaimwaga pakiti humo, akakoroga.

Boni aliyapenda maziwa yale. Alikunywa vijiko vingi, bibi akafurahi. Muda si mrefu akaharisha. Bibi akampa tena. Akaharisha zaidi.

Jioni Yunisi alirudi amechoka, miguu imejaa matope.

"Dawa amekunywa, Mama?"

"Amekunywa yote," alisema bibi, naye alikuwa anasema kweli.

Asubuhi iliyofuata bibi alitengeneza nyingine kwa namna ileile. Kufikia saa nne Boni alikuwa amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani. Alilia, lakini machozi hayakutoka. Yunisi alimshika miguu, akaikuta ya baridi. Alishikwa na hofu.

"Dawa ya nesi haifanyi kazi!" alisema. "Anakunywa na bado anaendesha. Baba Boni, tutafanya nini?"

"Nakwenda dukani kununua dawa ya kufunga tumbo," alisema Maganga, akichukua baiskeli.

Alipofika njiani alikutana na Mwanakhamisi. Mwanakhamisi ni jirani yao. Babu zake walitoka Tanga zamani, wakaja kufanya biashara Mbeya, wakabaki. Yeye huuza vitenge sokoni Chimala, na pia ni mhudumu wa afya wa kitongoji. Hupita nyumba kwa nyumba kuwajulia hali watoto na wajawazito.

"Maganga, mbona mbio hivyo?"

"Boni anaharisha tangu jana, dada. Nafuata dawa ya kufunga tumbo."

"Acha! Geuza baiskeli. Nimwone kwanza."

Mwanakhamisi aliingia ndani, akamsalimu bibi haraka, "Shikamoo, Bibi," akanawa mikono, akapiga magoti kando ya mkeka. Alifinya taratibu ngozi ya tumbo la Boni, akaiachia. Ngozi haikurudi mara moja. Ilibaki imejikunja kidogo, kisha ikarudi polepole.

"Amekojoa lini?" aliuliza.

Yunisi alimtazama bibi. Bibi alimtazama Yunisi.

"Leo sijaona mkojo," alisema Yunisi.

"ORS mnampa?"

"Tunampa. Bibi amempa tangu jana."

"Nionyesheni."

Bibi Nyamizi alileta kikombe kwa mikono miwili. Mwanakhamisi alichungulia ndani. Yaliyokuwamo yalikuwa meupe pee.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "hii ORS umechanganya na nini?"

"Na maziwa. Maziwa mazuri ya leo asubuhi, nimeyachemsha."

Yunisi alipiga kelele.

"Mama! Nilikwambia maji! Nilisema maji!"

Bibi alikiweka kikombe chini.

"Kelele baadaye," alisema Mwanakhamisi. "Macho yameingia ndani, hana machozi, hajakojoa, ngozi hairudi, amelegea. Hizi ni dalili za hatari. Maganga, ita bodaboda. Yunisi, nipe chupa ya maji safi na pakiti. Tutamnywesha njiani, tusikae kumsubiri apone hapa."

Alitumia chupa mbili za nusu lita, zile za maji ya dukani. Alimimina zote kwenye jagi, akatia pakiti moja, akakoroga. Baada ya dakika chache Yunisi alikuwa juu ya pikipiki na mtoto kifuani, Mwanakhamisi nyuma yake na jagi lililofunikwa. Kila mara dereva alipopunguza mwendo, kijiko kiliingia mdomoni mwa Boni.

Maganga alitaka kuwafuata. Alipogeuka alimwona mama yake amesimama uani, khanga imemwanguka begani, hajaiokota.

"Nimemuua mume wangu, Maganga?"

"Hujamuua, Mama. Panda baiskeli, twende."

Nesi Paskalina hakupoteza muda. Alimpima Boni, akamweka kitandani, akamtundikia dripu, maana mtoto alikuwa amelegea mno. Alipoanza kupata nguvu kidogo, nesi akasema, "Sasa kijiko. Mama, wewe mpe. Kijiko kimoja, pumzika, kijiko kingine. Usichoke."

Yunisi hakuchoka. Bibi Nyamizi alikaa kwenye benchi mwisho wa chumba. Hakusogea karibu wala hakuomba kumshika mtoto. Alikitazama kile kijiko kikipanda na kushuka, na midomo yake ilifunguka kila mdomo wa Boni ulipofunguka.

Mwanakhamisi alikaa kando yake. Bibi akasema bila kugeuka, "Niambie. Maziwa yana sumu?"

"Hapana, Bibi. Maziwa ni chakula kizuri. Na ya Yunisi, ya kunyonyesha, ni mazuri kuliko yote. Lakini hii ORS imepimwa. Chumvi yake na sukari yake vinatosha lita moja ya maji. Maziwa nayo tayari yana chumvi yake na sukari yake. Ukivichanganya, vinazidi. Na vikizidi tumboni, vinavuta maji kutoka mwilini na kuyaleta kwenye utumbo. Mtoto anaharisha zaidi."

"Kwa hiyo nilivyompa mengi, ndivyo nilivyozidi kumkausha."

"Ndiyo, Bibi. Lakini hukujua."

"Yunisi aliniambia maji. Nilisikia. Niliona maji ni kitu cha dharau." Bibi alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Nilimpenda vibaya."

Saa kadhaa zilipita. Jua lilikuwa limeanza kushuka Yunisi aliporuka kidogo kwenye kiti.

"Jamani!" alisema. "Nimelowa!"

Boni alikuwa amekojoa. Amemkojolea mama yake mapajani, mkojo mwingi, kwenye kitenge chake kizuri. Nesi Paskalina alicheka akapiga makofi. "Mwili umepata maji," alisema. "Sasa tunakwenda vizuri."

Kule kwenye benchi, Bibi Nyamizi alipiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, chembamba, na kilikatika katikati kwa kilio. Akina mama waliokuwa nje walichungulia dirishani wakadhani kuna mtu amejifungua.

Boni alilala kituoni usiku mmoja. Kesho yake alirudi nyumbani anadai ndizi. Aliendelea kuharisha kidogo kwa siku mbili tatu, kisha akaacha. Zinki alimaliza yote. Ndama walipigiwa kelele tena.

Lakini kitu kimoja hakikurudi. Asubuhi Bibi Nyamizi alisimama mlangoni kama kawaida. Yunisi alitoka na Boni akiwa tayari amefungwa mgongoni, jembe begani.

"Leo nakwenda naye, Mama," alisema.

"Huko shambani kuna jua."

"Nitamweka kivulini."

Kesho yake ikawa hivyohivyo, na keshokutwa pia. Yunisi hakumsema vibaya mama mkwe wake. Alimpikia, alimsalimu, alimpelekea maji ya kuoga. Mtoto tu ndiye hakumwachia. Bibi alibaki uani na mapaja matupu. Alichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Maganga aliona, akataka kuongea na mkewe, lakini bibi alimkataza.

"Mwache. Na mimi ningekuwa yeye, nisingemwachia."

Siku ya tatu au ya nne, bibi alichukua fimbo yake, akaenda mpaka kwa Mwanakhamisi.

"Mwangaluka," alisalimia kwa lugha yake. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Mwanangu, nimekuja shule."

"Shule gani tena, Bibi?"

"Ya maji. Nifundishe polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi nilikuwa naitikia tu 'nimeelewa' kabla ya kuelewa. Safari hii usinikubalie upesi."

Mwanakhamisi aliahirisha kwenda sokoni. Wakakaa jikoni. Alimpa bibi chupa mbili tupu za nusu lita.

"Hizi kaa nazo. Chupa hizi mbili ndizo lita moja. Sasa kabla ya yote?"

"Naweka pakiti."

"Hapana, Bibi."

"Nachemsha maji."

"Hata kabla ya kugusa maji."

Bibi alifikiri. "Nanawa mikono?"

"Kwa sabuni! Na ukitoka kumsafisha mtoto, unanawa tena. Kinyesi chake unatupa chooni. Usikitupe uani, wala kwenye mfereji. Hata kama ni cha mtoto mchanga, kina virusi vilevile."

"Na kama siku hiyo sina pakiti ya dawa?"

"Mama yake anaendelea kumnyonyesha, wewe unampa maji safi au uji mwepesi au maji ya wali yenye chumvi kidogo, na huku mtu anakimbilia pakiti. Kituo wanazo, na maduka ya dawa wanazo."

"Soda je? Watu wanasema soda."

"Soda na juisi za dukani zina sukari nyingi. Zinafanya kama yale maziwa yako."

Bibi aliguna. "Basi hayo nayajua sasa."

Walirudia mpaka bibi akaweza kumfundisha Mwanakhamisi. Kila alipokosea alijipiga kofi kwenye goti na kuanza upya. Alipoondoka alisema, "Wabeja gete." Mwanakhamisi hajui Kisukuma, lakini kwa jinsi mikono yake ilivyoshikwa alielewa kwamba ameshukuriwa.

Nyumbani bibi hakuhutubia mtu. Alianza tu. Kila jioni alichemsha maji, akayaacha yapoe, akayafunika kwenye ndoo yenye bomba. Alimwamrisha Maganga atengeneze kibuyu chirizi kando ya choo. Maganga alifunga dumu dogo kwenye miti miwili, akaweka kamba ya kukanyagia kwa mguu, akatundika sabuni. Mgeni akija alipewa maziwa kama zamani, ila sasa kwanza alielekezwa kwenye kibuyu chirizi, hata kama ni mtu mkubwa mwenye kofia.

"Kwani mimi mchafu?" aliuliza shemeji mmoja, akiwa amekasirika nusu.

"Sote tu wachafu," alijibu bibi. "Nawa, maziwa yanapoa."

Miezi ilipita. Mpunga uliuzwa kidogo, mwingine ukawekwa. Mvua mpya zilipoanza, mifereji ilijaa maji mekundu, na watoto wa kitongoji wakaanza tena kuharisha.

Asubuhi moja Yunisi alikuwa anajiandaa kwenda Chimala kununua mbegu na mbolea. Gari la jirani lilikuwa linamsubiri barabarani. Alipomwinua Boni ili amfunge mgongoni, mtoto akatapika. Kisha akaharisha, majimaji matupu.

Yunisi alisimama na kitenge mkononi, hajui aende au abaki. Mbegu zisiponunuliwa leo, kupanda kutachelewa. Na kumbeba mtoto anayeharisha mpaka sokoni ni kumtesa na kuwaambukiza wengine.

Bibi Nyamizi hakusema, "Nipe mimi." Aliinuka, akamsafisha Boni, akamwaga uchafu chooni. Akanawa mikono kwa sabuni, akasugua mpaka kwenye kucha. Alichukua chupa zake mbili, akazijaza kwenye ndoo ya maji yaliyochemshwa, akazimimina kwenye jagi. Alipasua pakiti, akaitikisa mpaka chembe ya mwisho. Akakoroga, akaonja kwa ncha ya kijiko kingine.

"Ina ladha ya machozi," alisema. "Ndivyo inavyotakiwa. Ikizidi chumvi kuliko machozi, pana kosa."

Yunisi alikuwa anamtazama.

"Akitapika, Mama?"

"Nasubiri dakika kumi. Halafu naanza tena, kijiko kimoja kimoja."

"Akiendelea kuendesha?"

"Kila akiendesha, robo kikombe mpaka nusu. Na chakula simnyimi. Uji, ndizi, chochote anachotaka. Maziwa atakunywa kwenye kikombe chake, peke yake, hayaingii humu."

"Na kama..." Yunisi alishindwa kumaliza.

"Kama macho yakiingia ndani," alisema bibi taratibu, "kama akilia bila machozi, au nepi ikakaa kavu, au akatapika kila ninachompa, au akashindwa kunywa, au nikaona damu, sisubiri urudi. Namwita Mwanakhamisi, tunapanda bodaboda, tunakwenda. Namba ya dereva anayo Maganga, na mimi nimeihifadhi kwenye simu yangu. Namba moja tu, hata macho yangu yanaiona."

Huko barabarani gari lilipiga honi.

Yunisi alikunja kitenge chake. Alimkalisha Boni mapajani mwa bibi yake, akamfuta mdomo, akambusu utosini.

"Nakunyonyesha nikirudi, mwanangu," alisema. Kisha akamgeukia mama mkwe wake. "Zinki ziko kwenye kabati, Mama. Kidonge kimoja."

"Nakijua. Nakiyeyusha kwenye kijiko cha maji."

Yunisi aliondoka. Sokoni alinunua mbegu, akanunua mbolea, akachagua na ndizi mbivu. Alipiga simu mara moja. Bibi alimwambia mtoto amekojoa na amelala, na kwamba simu zinamwamsha.

Aliporudi jioni alimkuta Boni ameketi kwenye mkeka, bakuli la uji mbele yake, uji mwingine kwenye nywele. Nepi ilikuwa imelowa. Macho yalikuwa makavu kwa furaha tu, maana aliponyang'anywa lile bakuli ili anyonye, machozi yalimwagika mengi. Jagi lilikuwa limefikia karibu chini. Bibi Nyamizi alikuwa ameegemea ukuta, amechoka, kijiko bado kiko mkononi.

Yunisi alikaa chini karibu naye, akamnyonyesha mtoto. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini, na sauti ya Maganga ilisikika akiwahesabu.

"Mama," alisema Yunisi mwishowe, "kesho nataka kuwahi shamba kabla jua halijawaka. Nitaondoka mapema sana."

Bibi alisubiri, hakuthubutu kuuliza.

"Usije ukamwamsha," Yunisi akaendelea. "Nitamlaza kitandani kwako akiwa bado usingizini."

Bibi Nyamizi alikiweka kijiko kwenye sahani. Alinyoosha khanga yake mapajani, akaisawazisha vizuri kwa viganja vyote viwili.

"Nenda shamba," alisema. "Mtoto yuko kwangu."